Mnunuzi anataka apewe kitalu kizima cha mninga na mkongo kijijini kwetu, kuna uvunaji usiomaliza msitu kweli?

Mtunduru_wa_Mtoni

Wakuu habari za jioni, heshima kwa wakubwa wote mliomo humu. Naomba msaada wa mawazo kabla mambo hayajaharibika.

Kijiji chetu kipo Tunduru, huku chini kuelekea mto Ruvuma. Tuna msitu mkubwa wa asili, mninga upo, mkongo upo, mpingo upo kidogo, mtondoo ndo usiseme. Mimi nimeingia kamati ya maliasili ya kijiji mwaka huu, sina utaalamu, nalima korosho na mpunga kidogo. Sasa amekuja mnunuzi wa mbao na gari lake na watu wawili, anasema yeye anavuna kwa njia endelevu, hachukui miti midogo, na atatoa hela ya mkupuo pamoja na bati za zahanati na samani za ofisi ya kijiji. Anachotaka tumpe eneo lote la ng'ambo ya korongo, avune kila mti uliofika kipimo ndani ya msimu mmoja, halafu anatuachia msitu wetu "upumzike".

Watu wamegawanyika. Vijana wanasema tuchukue hela, wazee wengine wanasema tukikataa atahamia kijiji jirani au watu watakuja kuiba usiku tubaki hatuna mti wala shilingi. Kuna mama mmoja alisimama kwenye mkutano akauliza hii miti mikubwa yote babu zetu waliikuta, ukiikata yote leo atakayekata tena ni nani na lini? Hakuna aliyemjibu, hata mnunuzi mwenyewe aligeukia kuongelea bati.

Msitu wetu haujatangazwa rasmi, tuna ramani ya kijiji tu na cheti cha ardhi ya kijiji. Naomba mnaojua mniambie, inawezekana kuvuna msitu wa asili usiishe? Na kama inawezekana inafanywaje na kijiji kinapata nini? Mkutano mkuu ni baada ya mauzo ya korosho.

kilwa_ya_ndani

Mkuu kwanza kabisa msisaini kitu. Nimekaa kwenye kamati ya maliasili kijiji kimoja huku Kilwa kwa muda mrefu kwa hiyo nitakueleza vile mambo yalivyo, utanisamehe nikirefusha.

Jibu ni ndiyo inawezekana, na kwa Tanzania sio nadharia. Vijiji vya Kikole na Kisangi huku Kilwa vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, mwaka 2009 kupitia MCDI, shirika linalosaidia vijiji kusimamia misitu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe kupata hicho cheti. Wakafuata Nanjirinji na wengine. Mpingo wao unaenda hadi kwa watengenezaji wa klarineti na obo Ulaya. Lakini haikuanza kwa mnunuzi kuja na gari, ilianza kwa kijiji kuwa na msitu wake kisheria, na hapo ndo kwenye tatizo lako.

Msitu ambao haujatangazwa, hata kama upo ndani ya mipaka ya kijiji chenu, vibali vya kuvuna vinatolewa na ngazi za juu na mrabaha unaenda serikalini, nyie mnaambulia ushuru mdogo na hizo bati. Ukishautenga ukawa msitu wa hifadhi wa kijiji kwa ile Sheria ya Misitu ya 2002, mambo yanageuka, mauzo ni ya kijiji, bei mnapanga nyie, faini za wanaokamatwa ni zenu, halmashauri mnakubaliana nayo asilimia ndogo kwa sababu wanawasaidia kitaalamu. Kwa hiyo yule jamaa anaharakisha kwa sababu anajua leo mti wenu ni wa bei ya chini sana kwake na baada ya kutangazwa hautakuwa hivyo.

Utaratibu ni mrefu lakini unapitika. Mnaanza na mpango wa matumizi bora ya ardhi, mnakubaliana mipaka na majirani (hapa msifanye haraka, kesi nyingi za misitu ni kesi za mipaka), mkutano mkuu unapitisha, mnaandika sheria ndogo, halmashauri inazipitisha, afisa misitu wa wilaya anawasaidia kupima msitu na kuandika mpango wa usimamizi. Na tangu kanuni za 2019, zile za Tangazo la Serikali (GN) namba 417, mpango wa uvunaji unapita pia kwenye kamati ya uvunaji ya wilaya, ni mlolongo umeongezeka na mimi binafsi naona unawachosha wanavijiji, lakini ndo sheria ilivyo, mkiiruka mzigo wenu utakamatwa getini.

Sasa siku ya kuuza yenyewe kwetu inakuwa hivi. Mnunuzi analipa kwanza kwenye akaunti ya kijiji, sio kwa mwenyekiti, sio kwa mtendaji. Tunaenda naye msituni na daftari, mti unapimwa ukiwa umesimama, kipenyo usawa wa kifua, unapewa namba. Ukishaangushwa ile namba inaandikwa kwenye kisiki na kwenye gogo, halafu linagongwa pande zote mbili kwa nyundo ya kijiji, ile yenye alama yetu. Gogo lisilo na alama ya nyundo halipandi kwenye gari hata kama ni la mjomba wako. Hati ya kusafirishia inaandikwa kufuatana na yale yaliyogongwa, na gari halitembei na mazao ya misitu kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Nyundo yenyewe tunaitunza kwenye sanduku lenye kufuli mbili na funguo ziko kwa watu wawili tofauti. Watu wanaona kama ni mbwembwe ila ukiacha nyundo kwa mtu mmoja umemaliza msitu.

BwanaMiti_mstaafu

Huyo wa Kilwa amekujibu vizuri upande wa sheria. Mimi nimefanya kazi ya misitu mpaka nikastaafu, nataka nijibu swali la yule mama maana ndilo swali la msingi na inanisikitisha kwamba watu waligeukia bati.

Mninga na mpingo ni miti inayokua polepole mno. Mpingo mpaka ufikie kipimo cha kuvuna, ambacho ni sentimita 24 usawa wa kifua, unazungumzia miaka 70 hadi 100. Mninga una tabia ambayo watu wengi hawaijui. Lile tunda lake la duara lenye miiba katikati na bawa pembeni linaanguka, mbegu chache tu zinaota, na zikiota kile kimche kinakauka juu kila kiangazi halafu mvua zikija kinachipua tena, hivyo hivyo miaka mingi, kinachokua wakati huo ni mzizi chini ya ardhi. Mpaka mzizi uwe na nguvu ya kutosha ndipo kinapiga shina moja la juu lisilokufa. Kwa hiyo unaweza kupita msituni ukaona kimche cha urefu wa goti ukadhani ni cha mwaka jana kumbe kina umri wa mwanao aliyemaliza darasa la saba. Sasa mtu akikwambia navuna yote iliyofika kipimo msimu mmoja halafu msitu upumzike, muulize unapumzika miaka mingapi na yeye atakuwa wapi.

Kipimo cha chini peke yake hakilindi msitu. Kinachoulinda ni idadi. Mnapima msitu, mnajua mna miti mingapi iliyofika, na muhimu zaidi mna miti mingapi ya daraja linalofuata chini yake, ile inayokaribia kufika. Tuseme mmehesabu mninga 600 iliyofika kipimo msitu mzima, na ile ya chini yake inahitaji miaka 30 kufika. Gawanya, unapata 20 kwa mwaka, basi. Hapo bado hamjatoa yenye mashimo, iliyo kwenye miteremko na kando ya mito ambayo hairuhusiwi kuguswa, na miti mama ya mbegu. Mtabaki na 12 au 15. Ni michache na vijana watalalamika, lakini mwaka wa kesho ipo na mwaka wa keshokutwa ipo, na mwaka wa 31 ile ya chini imeshafika. Halafu kila baada ya miaka mitano mnapima tena, mkiona miche haiji mnapunguza.

Kuhusu miti mama naomba mnielewe vizuri. Mnunuzi siku zote anachagua mti ulionyooka, mrefu, usio na matawi ya chini. Anaacha uliopinda. Mkimwachia achague yeye, mbegu zitakazobaki ni za ile iliyopinda. Miti mama ichaguliwe na kamati kabla mnunuzi hajaingia, mizuri kabisa, ipakwe rangi, iandikwe kwenye daftari, na isiguswe hata aje na bei gani.

Na uangushaji wenyewe. Mti mmoja ukiangushwa ovyo unaweza kuvunja mingine kumi midogo, na hiyo midogo ndiyo mavuno ya wajukuu. Fundi wa chenso mzuri anaangalia kwanza mti umeegemea wapi, anakata pembe upande anaotaka uangukie, na mitambaazi iliyounganisha matawi inakatwa mapema maana mti ukianguka unavuta wenzake. Kisiki kiwe kifupi. Njia ya kuvutia magogo iwe moja inayojulikana, sio kila gogo na njia yake. Haya yote hayahitaji mashine za Ulaya, yanahitaji mtu wa kamati asimame pale siku ya kukata.

Mtunduru_wa_Mtoni

Mzee wangu shikamoo, hilo la mzizi wa mninga sikuwahi kulijua, hapa kijijini ile miche watu wanaipalilia kama magugu wakifungua shamba. Na wewe kaka wa Kilwa nashukuru sana. Nina swali, hiyo michache ya kila mwaka inatosha kitu? Maana watu watauliza hela iko wapi, na wengine wanaona bora tusafishe tulime ufuta, ufuta ni mwaka mmoja tu unapata hela.

tuyaache_yasimame

Samahani wadau mimi sikubaliani na mnachosema. Miaka yote tunaambiwa uvunaji endelevu halafu tunaona malori. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa 2003 kilichotokea Kilwa, Lindi na Liwale tunakijua, magogo yalitoka kama hakuna kesho, na ile ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, ilisema wazi kwamba mapato ya mrabaha yaliyokuwa yanapotea kwenye ngazi ya wilaya yalifika hadi asilimia 96. Asilimia 96 ndugu zangu! Sheria ilikuwepo, vipimo vilikuwepo, vibali vilikuwepo. Mtu akishafungua mlango wa kuvuna hata miti 20, nyuma yake inapita 200. Nashauri kijiji kifunge msitu, mtu asikate hata ufito, mbao watu wapande misindano na mikaratusi kama Mafinga na Njombe, tuache miti ya asili isimame. Mninga wa miaka 90 kwenda kuwa kitanda ni dhambi.

kilwa_ya_ndani

Ndugu yangu tuyaache nakuheshimu na ile 2003 hadi 2005 mimi nilikuwepo, niliona. Lakini angalia vizuri ni nani alikuwa anakata. Miti ile ilikuwa haina mwenyewe. Kijiji kilikuwa hakipati kitu, kwa hiyo mtu wa mjini akija na elfu kumi kumi akawapa vijana wakamwonyesha mninga ulipo, nani alikuwa na sababu ya kumkataza? Hata kufunga msitu kunahitaji doria, na doria inahitaji hela ya posho, buti, pikipiki, mafuta, mtu hawezi kuacha shamba lake akalale porini bure mwaka mzima.

Na huku kusini adui mkubwa wa msitu wa kijiji sio chenso, ni shamba jipya. Ufuta umepanda bei watu wanafyeka msitu, wanachoma kila kitu, wanalima misimu miwili mitatu udongo unachoka wanahamia mbele. Mninga wa miaka 90 unaoulilia unachomwa pale chini hata kitanda haujawa. Tena baada ya mifugo kuondolewa Ihefu kule Mbeya 2006 na 2007 na mingi kuletwa huku Lindi, Kilwa na Rufiji, ardhi inagombaniwa kuliko zamani. Msitu ambao haujapimwa wala kutengwa unaitwa "pori" na pori kila mtu anaona ni la kupewa mgeni au la kulima. Vijiji vilivyobaki na msitu huku kwetu ni vile ambavyo mkutano mkuu ukisomewa mapato watu wanasikia hela ya msitu imejenga darasa, imechimba kisima, imelipia mama mjamzito kwenda hospitali. Akitokea mtu anafyeka ndani ya mpaka, wanaopiga simu ni majirani zake, hata doria haijafika.

Kwa hiyo Mtunduru jibu lako la ufuta ndo hilo, ufuta endeleeni kulima, lakini kwenye eneo mlilolitenga la kilimo. Msitu hautamlipa mtu mmoja mmoja kama ufuta, unalipa kijiji. Hiyo waambie watu wazi mapema, usiwaahidi hela mfukoni.

Fundi_Keko

Habari za humu wakuu. Mimi ni fundi samani hapa Keko Dar, mbao zenu ndo zinafika kwetu kwa hiyo acha niseme na upande huu.

Wateja wa hapa wakija wanasema "nataka mninga". Hawajui kingine. Mkongo wanaujua kidogo, mpangapanga wachache, mtondoo hawajawahi kuusikia. Kwa hiyo mninga unakimbizwa mpaka mbao zinazokuja siku hizi ni nyembamba, fupi, nyeupe nusu nzima maana gogo lilikatwa bado dogo moyo wake haujajaa. Mimi nikipata ubao wa mbili kwa sita wa mninga ambao ni mwekundu mwanzo hadi mwisho namwita kijana aje aone. Nilichojifunza ni kwamba mtondoo ukikaushwa vizuri ni mbao ngumu ya uhakika, unatoa fremu za milango na ngazi zinazodumu, tatizo lake ni mzito na unaumiza msumeno, na ukiupasua mbichi ukaupanga juani unapinda na kupasuka. Ukipangwa kivulini na vijiti katikati, ukawekewa uzito juu, ukaachwa miezi, hauna shida. Nyie wenye msitu mnaweza kuuza aina nyingi badala ya kumaliza moja. Ongeeni na mnunuzi, asichague mninga tu, akitaka mninga achukue na mtondoo kiasi fulani.

Lingine ni kupasua. Mkiuza gogo mnauza kwa bei ya gogo. Chenso ikipasua mbao inakula mbao nyingi sana inakuwa vumbi, unaliona lile rundo la unga wa mbao porini ile yote ilikuwa hela. Kuna mashine za kupasulia zinazohamishika zenye msumeno mwembamba, zinatoa mbao nyingi zaidi kwenye gogo lilelile na zimenyooka. Zile mashine ndogo za kupasulia wanazoita dingdong za Mafinga ni za misindano, mbao ngumu zinahitaji mashine yake. Mkivuna miti 15 mkaipasua vizuri mnaweza kupata mbao kuliko miti 20 iliyopasuliwa ovyo, na mitano imebaki imesimama.

BwanaMiti_mstaafu

Marahaba kijana wa Tunduru. Na Fundi Keko umenena jambo kubwa. Mpingo ndiyo mbaya zaidi kwa upotevu, shina lina mifereji, lina nyufa, mara nyingi lina uwazi ndani, ngozi nyeupe yote inatupwa unabaki na moyo mweusi, na kwa vipande vya kutengenezea ala za muziki kinachopatikana ni kama sehemu moja ya kumi ya gogo. Kwa hiyo mpingo usiuzwe kwa macho, ugongwe, ukaguliwe kama uko imara ndani kabla ya kuangushwa. Kuangusha mpingo wa miaka 90 halafu ukauacha porini kwa sababu una uwazi, nimeona hiyo mara nyingi, inauma.

Kwa ndugu yetu anayetaka kufunga kabisa, hoja ya kupanda miti naiunga mkono, misindano ya shamba la serikali la Sao Hill kule Mafinga inapunguza sana mzigo kwenye misitu ya asili. Lakini msindano haufanyi kazi ya mkongo, na msitu wa miombo ukifungwa tu kwenye karatasi bila watu wa kuulinda unakatwa utake usitake. Hata hivyo hofu yake ya miti 20 nyuma yake 200 ni hofu ya kweli, na dawa yake ni ile rejista. Kisiki hakidanganyi. Mtu yeyote wa kijiji, sio wa kamati tu, awe na haki ya kuingia msituni kuhesabu visiki na kulinganisha na daftari. Kisiki kisicho na namba na alama ya nyundo ni wizi, unaanza kuuliza hapo hapo.

Ongezeni na moto. Huko Tunduru moto wa mwezi wa tisa na wa kumi ndio unaoua miche yote niliyoisema. Nyasi zimekauka kabisa, moto unapanda. Mkichoma mapema, mvua zikishakatika mwezi wa tano au wa sita wakati nyasi bado zina unyevu kidogo, moto unapita chini taratibu kwa mabaka na ule mkali wa baadaye unakosa cha kula. Huko Kilwa wamefanya hivyo kwa makusudi miaka mingi. Mnaweza kuvuna kwa hesabu nzuri kabisa halafu moto ukawamalizia mavuno ya miaka 30 ijayo.

Beni_moja

Bandugu jambo yenu bote. Miye niko mtu wa Beni, Kongo, nasomaka hii mazungumuzo na roho inauma kwa sababu ni sawa na kwetu. Kule Mambasa na upande wa Ituri mbao inatokaka kila siku, inapita Kasindi inaingia Uganda, ingine inafika mpaka Kenya. Mnunuzi anakuya, anaonana na chefu, anamupatia sukari, chumvi, bati, pengine moto (pikipiki), batu ya kijiji banasikia tu masini inalia mu foresti. Kisha miaka mbili miti ya bei inaisha karibu na njia, banaingia mbali zaidi. Serikali ilisimamisha kupana makonsesio mapya tangu 2002, lakini wale ba mbao ya kidogo kidogo haikubasimamisha.

Tangu 2014 sheria yetu inaruhusu kijiji kuomba foresti yake, mpaka hekta 50,000, na hiyo ni ya milele, haina mwisho. Batu benye walishaandika zao, siku mnunuzi anakuya anaonyeshwa karatasi na anakaa chini kuzungumuza. Benye hawana karatasi banapewa bati. Ndugu wa Tunduru, usikubali feza mbele ya karatasi. Na ile bati andika bei yake, gawanya na hesabu ya miti anataka, utaona mti moja wa mkongo anakulipa ngapi. Sisi tulifanya ile hesabu kisha miti kwisha.

Mtunduru_wa_Mtoni

Ndugu wa Beni nimeifanya hiyo hesabu usiku huu na mwenyekiti wa kamati yetu. Tulitumia idadi ya miti ambayo mnunuzi mwenyewe aliitaja, tukajumlisha hela yake ya mkupuo na bati na samani kwa bei za duka la hapa mjini. Mwenyekiti alinyamaza kidogo kisha akasema hii siwezi kuisomea watu bila ghasia. Mimi naona ndo lazima isomwe.

Tumekubaliana mkutano mkuu upelekewe mambo haya, mnunuzi ajibiwe kwa barua kwamba msitu hauuzwi kwa sasa, tuandike maombi kwa afisa misitu wa wilaya atusaidie kutenga na kupima, na tuanze mipaka na kijiji jirani kabla mvua hazijafunga njia. Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua. Hapa katikati, huenda mwaka na zaidi kabla haijatangazwa, huyu mtu au mwingine akija na kibali chake kutoka juu tunamzuiaje? Hatuna nyundo, hatuna hela ya doria.

kilwa_ya_ndani

Kibali chochote cha kuvuna ndani ya ardhi ya kijiji kinatakiwa kupita kijijini, kwa hiyo weka muhtasari wa mkutano mkuu wenye sahihi unaosema eneo hilo liko kwenye mchakato wa kutengwa kuwa hifadhi ya kijiji na uvunaji umesimamishwa. Nakala peleka kata, peleka halmashauri kwa mkurugenzi na kwa afisa misitu, peleka ofisi ya wilaya ya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, na hakikisha kila nakala inagongwa mhuri wa kupokelewa. Akija na kibali mnamwonyesha huo muhtasari na mnapiga simu wilayani mbele yake. Kwa adabu, bila kumgusa wala kugusa gari lake, msimpe kesi ya kuwashtaki.

Mkaguzi wa wilaya akija na mkamuonyesha mmeshaanza wenyewe anaongeza moyo wa kuwasaidia. Wakati mnasubiri chukua vijana wanne na yule mama aliyeuliza swali, pitieni eneo lote la ng'ambo ya korongo na daftari la kawaida, andikeni kila mninga na mkongo mkubwa mnaoukuta na mzingo wake kwa futi kamba ya fundi cherehani, na kila kisiki kipya na tarehe mliyokiona. Sio upimaji rasmi, bwana misitu atapima upya kwa utaratibu wake. Ila siku ikikatwa miti mtajua ni mingapi na ilikuwa wapi.

Fundi_Keko

Mkipata mtondoo wa kuuza kihalali mkuu nitafute humu humu. Nauchukua na nitawaambia na wenzangu wa hapa.

BwanaMiti_mstaafu

Kijana, mzingo gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mninga wenye mzingo chini ya sentimita 140 msiuandike kwenye orodha ya mikubwa, uandikeni ukurasa wa pili peke yake, na mkishamaliza hesabu ya ukurasa huo wa pili ileteni hapa tuiangalie pamoja.